Mwalimu Mavjuda na Kola Zetu Zilizoharibika

Sikio langu la kushoto ni refu kidogo kuliko la kulia, na aliyelirefusha ni Mwalimu Mavjuda. Alitufundisha hesabu katika shule ya mtaa wetu hapa Kuva, Uzbekistan, kwa zaidi ya miaka thelathini, na mimi, Risolat, nilikuwa mmoja wa wale aliowavuta masikio. Nasema haya bila kinyongo. Mume wangu hajawahi kulitaja sikio hilo, ila najua ameliona.

Kustaafu kulimwangusha Mwalimu kuliko ugonjwa. Mumewe alikuwa ameshafariki, wanawe wako Tashkent na shughuli zao, na nyumba ikabaki na yeye, mzabibu wa uani na saa ya ukutani. Tukaanza kumwona sokoni akisahihisha vibao vya bei. Siku moja alimsimamisha muuza komamanga na kumfundisha kugawanya mpaka wateja wakaondoka, na yule bwana, mtu mwenye wajukuu, akasimama ameishika kofia yake mikononi akiitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Tulicheka, lakini tulimhurumia pia. Mtu aliyezoea sauti za watoto arobaini, unamwachia saa ya ukutani afanye nayo nini?

Basi Sobirjon alipomfuata na sahani ya halua kumwomba aje kutufundisha kushona kola, Mwalimu hakungoja hata chai ipoe.

Sobirjon ndiye mwenye karakana yetu ya ushonaji, ile iliyokuwa ghala la pamba. Naye alipita mikononi mwa Mwalimu, ambaye alimpa alama mbovu miaka miwili mfululizo. Leo ana gari na kitambi, lakini akimwona anaficha sigara nyuma ya mgongo mpaka moshi unamtoka kwenye mkono wa koti. Alikuwa amepata oda ya mashati ya kiume. Kabla ya hapo tulishona mashuka na aproni, mistari iliyonyooka tu, kazi ambayo hata mama mkwe wangu angeiweza kama angekubali kufanya kazi. Shati ni jambo jingine. Shati ni kola. Kwingine kote ni gunia lenye mikono. Na kola ina ncha mbili, ambazo zisipokaa sawasawa na kuwa kali, mvaaji anaonekana kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Sobirjon akapanda juu ya kreti akatutangazia. Kabla ya Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya wa machipuko, angekuja mkaguzi wa mnunuzi. Kola zikimridhisha, kazi ni yetu. Zisipomridhisha, yeye Sobirjon angeleta kikundi cha mafundi waliokwisha iva kutoka mji wa Namangan na sisi turudi majumbani. Alipomaliza alimgeukia Mwalimu akamwomba ruhusa ya kushuka.

Mimi kurudi nyumbani kungenipa nafasi ya kumchokoza mama mkwe mchana kutwa, kwa hiyo sikuogopa sana. Aliyeogopa ni Tojikhon. Mumewe alianguka kutoka paa la jirani na mgongo haukupona, na watoto wao walikuwa bado shuleni. Ile nyumba ilikula kwa mikono ya Tojikhon peke yake. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga anakuomba radhi. Jioni ile tulirudi pamoja na hakusema neno mpaka kwenye mfereji, ndipo akaniambia, "Risolat, mimi wakinirudisha, sina pa kwenda tena." Nikamwambia asiwe mjinga, lakini moyo wangu ulikuwa mzito.

Sasa, Mwalimu kola alizijua. Nisije nikamsingizia. Miaka ya shida alishona sare za nusu ya watoto wa mtaa, na kola zake zilikuwa kali za kutobolea karatasi. Tatizo halikuwa kujua. Tatizo ni kwamba alikuja na ubao.

Aliusimamisha kati ya cherehani na meza ya pasi, akaandika kanuni za kola kutoka juu hadi chini, na kila asubuhi alizieleza. Sisi tulinakili. Mwandiko wangu siku zile ulikuwa mzuri kuliko kola zangu. Akiingia tunasimama, akiuliza tunasimama, na mmoja wetu aliposimama haraka mguu ukiwa bado kwenye kanyagio, cherehani ilimshonea mkono wa gauni kwenye shati.

"Mmeelewa?" anauliza Mwalimu.

"Tumeelewa, Mwalimu!" tunaitikia kwa sauti moja, wanawake wenye mvi.

Hatukuwa tumeelewa kitu. Kwenye ubao kila kitu kilikuwa wazi kama maji ya kisima, kisha unakaa kwenye cherehani, unashona, unageuza kola upande wa nje, na ncha inatoka butu kama ulimi wa mbuzi. Kuuliza? Nani aulize! Mwenyewe nilikuwa na maswali ya kujaza ndoo. Lakini ukimwambia Mwalimu mbele ya watu kwamba hujaelewa, umemwambia kwamba hajui kufundisha, na kwetu adabu haifiki huko. Halafu kulikuwa na lile sikio. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado akipita nyuma yangu linawasha.

Kwa hiyo tulificha. Kola ikiharibika inaingia kifuani, chini ya fulana, na unachukua kipande kingine. Kitambaa cha mazoezi kilikuwa cha mabaki na hakuna aliyekifuatilia. Kati yetu mmoja tu, Oyimcha, mnene, mchekeshaji, ndiye aliyetoa kola za haja, hata yeye hajui kwa nini. Basi kola ya Oyimcha ikawa inasafiri. Asubuhi moja Mwalimu aliikagua kola ileile mikononi mwa wanawake wanne tofauti, akatusifu wote wanne. Oyimcha alilazimika kwenda nje kucheka.

Na zile mbovu zilikwenda wapi? Hapo ndipo tulipojichongea. Kwetu kutupa kitambaa ni dhambi, karibu sawa na kutupa mkate. Huwezi kukiweka jalalani, Mungu anakuona. Tojikhon ni fundi wa kuunga vipande, anatengeneza kurpacha, yale magodoro membamba ya kukalia chini, kwa vitambaa vya kila rangi. Tukampa yeye. Kila jioni kwenye mfereji tulitoa kola zetu vifuani kama wezi wa matango, na Tojikhon akazitia mfukoni na kwenda nazo.

Kila mwezi tuna gap yetu, mzunguko wa akina mama: mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, mwenye zamu anapika na sisi tunakula, tunasema watu na tunacheka. Mwezi ule zamu ilikuwa ya Tojikhon. Adabu ikadai Mwalimu aalikwe, na Mwalimu, ambaye hatukutarajia aje, akaja, tena na mkufu wake wa lulu.

Mgeni wa heshima hukaa mbali kabisa na mlango, na hukaa kwenye kurpacha mpya kuliko zote. Kumpa kuukuu ni kumtukana. Nilimwona Tojikhon akisimama mlangoni uso umempauka, na nikaelewa kabla hajasema. Mpya alikuwa nayo moja tu.

"Funika shuka," nikamnong'oneza.

"Nimefunika," akanijibu, midomo haitikisiki.

Mwalimu akakaa. Tukala mkate, tukanywa chai, kila mmoja akimtazama kuliko anavyotazama sahani yake. Kisha Oyimcha akasimulia kisa cha jogoo wa jirani, Mwalimu akacheka, shuka likateleza, na akaweka mkono chini kujiegemeza. Mkono ukabaki palepale. Vidole vikaanza kupapasa. Akainua shuka.

Pale chini zilikuwepo kola zetu zote, za bluu na nyeupe, zimepangwa kwa ustadi kama maua, ncha zikitazamana. Lilikuwa godoro zuri sana, na hilo lilizidisha ubaya wake.

Mwalimu akavaa miwani, akapiga magoti juu ya godoro akaanza kulisoma kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Hii ya nani?"

Kila mtu akatazama sahani yake.

"Hii ni ya mtu mwenye haraka. Risolat."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema, na mkono wangu ulikuwa tayari sikioni.

"Na hii, hii, na hii. Zote kosa moja. Mmekosea kitu kilekile wote, tangu siku ya kwanza!" Akavua miwani. "Mbona hamkuniambia?"

Aliyejibu, amini usiamini, ni Tojikhon, akiwa amesimama na sahani ya pilau mikononi, machozi yanamlengalenga. "Mwalimu, tungekuambiaje? Kukuambia sijaelewa si ni kukuaibisha?"

Mwalimu alisimama na kutafuta koti lake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Nimekuwa nikifundisha ukuta," akasema. "Mimi, mzee mzima."

Lakini pilau ilikuwa imeshafika. Mgeni haondoki pilau ikiwa mlangoni, hata awe amekasirika vipi, na Mwalimu ndiye wa mwisho mtaani kwetu kuvunja desturi. Akakaa tena, koti bega moja. Tulikula kimya, na kimya kile mimi kilinishinda. Nina ulimi unaowasha. Nikanyoosha kidole kwenye godoro nikasema, "Ncha hii tazameni, si pua ya mama mkwe wangu kabisa?"

Oyimcha akapaliwa na pilau. Mwingine akasema, yako afadhali, yangu ni kiwiko cha ngamia. Na hii? Hiyo ni kipofu, haina ncha wala haijui inakokwenda. Mara wote tulikuwa chini tumezunguka godoro, kila mtu akitafuta za kwake, akizitukana, akieleza alivyoziharibu: nilikata karibu mno, nilivuta, niliogopa nikageukia palepale kwenye ncha.

"Kumbe wewe unageukia palepale?" Oyimcha akashangaa. "Mimi nikifika kwenye ncha nashona mshono mmoja wa kukatisha, mlalo, ndipo nageuka. Halafu naacha uzi ndani, nauvuta, ncha inatoka yenyewe."

"Na hukutuambia!" tukamrukia.

"Mlikuwa mkinipokonya kola, nani aliniuliza nimeishonaje?"

Mwalimu alikuwa ametulia, mfupa mkononi. Mshono wa kukatisha ulikuwa kwenye ubao, kanuni ya tatu. Alikuwa amelisema jambo hilo kila asubuhi, nasi tulikuwa tumelinakili kila asubuhi, na hakuna aliyelisikia mpaka leo, tukiwa na mafuta ya pilau vidoleni. Nilimwona akitutazama mmoja mmoja.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema mwishowe. "Na daktari anayetisha wagonjwa naye ana lake la kujibu." Kisha akanisogezea godoro. "Risolat, hiyo pua ya mama mkwe. Nieleze tena ilitokeaje, polepole."

Jumatatu ubao ukaegemezwa ukutani, uso umegeuzwa. Mwalimu akasema tutafanya kama kwenye gap: kila asubuhi mmoja ana zamu, na mwenye zamu haleti chakula, analeta kola yake mbaya kuliko zote. Anaeleza alivyoiharibu, wengine wanasema wangefanyaje, kisha kila mtu anaijaribu palepale kwenye cherehani yake. Atakayedai hana kola mbaya, ataleta sambusa za watu wote. Wiki ya kwanza Oyimcha alileta sambusa kwa majivuno. Wiki ya pili aliharibu kola makusudi, maana unga uliisha nyumbani.

Usidhani Mwalimu aligeuka malaika. Mtu hawezi kuvua mazoea ya miaka thelathini kama kuvua viatu vya mpira mlangoni. Alikuwa akipiga makofi, "Kimya!" halafu anakumbuka, anakunja uso na kusema, "Haya, endeleeni kelele." Kilichomshinda zaidi ni mikono yake. Akiona mtu anakosea, mkono wake unaruka wenyewe, unakunyang'anya kitambaa na kukumalizia kwa sindano ya mkono. Oyimcha alimwambia mara moja, kwa utani lakini kwa kweli, "Mwalimu, hii kola umeshona wewe, hivyo sasa unajua wewe." Siku mbili hakusemeshwa. Ya tatu Mwalimu alikuja, akasimama nyuma yake, na hakugusa kitu.

Alianza pia kutuuliza mambo. Tojikhon, wewe kwenye kurpacha pembe unazigeuzaje? Tojikhon akaeleza kwa sauti ya chini, na Mwalimu akasema, basi kola ni pembe ileile, ndogo tu, mbona unaiogopa? Tulicheka, lakini Tojikhon hakucheka. Aliketi akiitazama mikono yake muda mrefu. Tangu siku ile mshono wake ulitulia, ingawa mwenyewe hakuamini. Kila jioni aliniuliza, "Zimefaa kweli, au mnanifurahisha?"

Mkaguzi alifika siku chache kabla ya Navruz. Jina lake Zamira, mwembamba, miwani shingoni, alikataa chai, jambo tulilolipokea vibaya. Alipita kati ya mashine bila neno. Tojikhon ndiye aliyekuwa ameshika birika, na mikono yake ilitetemeka mpaka kikombe kikalia kwenye sahani. Zamira akaliona hilo.

"Yule," akasema. "Anishonee kola."

Sobirjon akacheka kicheko cha mtu anayezama. "Dada Zamira, labda huyu Oyimcha, ni hodari sana..."

"Nimesema yule."

Tojikhon akakaa. Sisi wote tukaacha kazi. Mwalimu akasimama nyuma yake, na karakana nzima ikasikia ile cherehani moja tu. Tojikhon alishona upande mrefu, vizuri. Ncha ya kwanza, vizuri. Ya pili, nikaona bega lake likishtuka. Aligeuza kola, akavuta uzi, akaipiga pasi, na mimi niliyekaa karibu niliona kola nzuri tu. Nikamshukuru Mungu.

Tojikhon hakuitoa. Aliishika mbele ya macho yake, na akasema mbele ya Sobirjon, mbele ya mkaguzi, mbele ya Mwalimu aliyemwogopa tangu utotoni: "Hii nimeiharibu. Naomba kipande kingine."

Sobirjon akafumba macho. Nilimtazama Mwalimu. Mkono wake wa kulia uliruka, kama kawaida yake, ukafika nusu ya njia kuelekea kile kitambaa. Angeweza kuichukua, akaikunjua, akaishona upya kabla mkaguzi hajavaa miwani. Sote tulijua. Mkono wa kushoto ukaukamata ule wa kulia, na Mwalimu akaipeleka yote miwili nyuma ya mgongo na kuifungia huko. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu namna ile akiwa amesimama tu.

"Mbona mimi naiona nzuri?" Zamira akauliza.

"Leo ni nzuri," Tojikhon akasema. "Ncha hii niligeukia palepale, sikukatisha. Ikifuliwa itakunjika."

"Najua," Zamira akasema. "Nilikuwa nausikiliza mguu wako kwenye kanyagio, haukusita kwenye ncha. Nilitaka kujua kama nawe unajua." Akamsogezea kipande mwenyewe.

Ya pili Tojikhon aliishona huku midomo ikimchezacheza, akijisemea kama tulivyozoea asubuhi zetu: polepole, katisha, sasa geuka, usivute. Zamira aliipokea, akaipima kwa kidole gumba, akailinganisha ncha kwa ncha, akaikunja na kuitia mkobani. Kisha akamwambia Sobirjon kwamba sasa angekunywa ile chai. Mashati ni yetu.

Karakana ikalipuka. Oyimcha alimkumbatia Sobirjon, jambo ambalo wote wawili walilijutia mara moja. Tojikhon alibaki amekaa, mikono juu ya meza, akilia bila kuficha uso. Na Mwalimu, ambaye mikono yake ilikuwa bado imefungwa nyuma, akainama begani kwake na kusema kile ambacho Mwalimu Mavjuda angesema hata siku ya kiyama:

"Ncha ya kushoto ingeweza kuwa kali zaidi."

Tojikhon akageuka. Akafuta pua kwa kiganja. Mwanamke ambaye ukimkanyaga anakuomba radhi akasimama, akakivuta kiti nyuma na kukipangusa kwa kilemba chake.

"Basi kaa wewe, Mwalimu, utuoneshe."

Nilidhani paa litaanguka. Mwalimu alimtazama, akatutazama sisi, na nikaona mashavu yake yanaanza kucheza. Alicheka mpaka lulu zikagongana shingoni. Kisha akakaa kwenye cherehani ile, ngeni kwake, ambayo muda wote ule alikuwa ameisimamia tu bila kuikalia, akatafuta kanyagio kwa ncha ya kiatu, akalikosa, akalitafuta tena. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Tojikhon akasimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Polepole, Mwalimu," akamwambia. "Hakuna anayekukimbiza."